FFmpeg kwa Kugeuza Fomati za Muziki: Tathmini ya Programu Inayoeleza Ilichokifanya

Mtu anayegeuza mkusanyiko wa muziki kutoka fomati moja kwenda nyingine mara nyingi hugundua hitilafu akiwa amechelewa. Picha ya jalada imetoweka, jina la msanii halionekani, wimbo wa dakika nne unaonyesha kwamba ni wa dakika tisa, au albamu iliyopaswa kutiririka mfululizo inasita kila wimbo mpya unapoanza. Programu nyingi za kazi hii humwonyesha mtumiaji mstari unaojaa taratibu, kisha ujumbe mfupi kwamba kazi imekamilika, na mawasiliano huishia hapo. FFmpeg, ninayoitathmini hapa, huandika kwenye skrini ilichokikuta ndani ya faili, ilichokiamua na ilichokitoa. Kwa maoni yangu hiyo ndiyo sababu kubwa ya kuichagua, kuliko hata wingi wa fomati inazozifahamu.

Programu hii ilianzishwa mwaka 2000 na Fabrice Bellard wa Ufaransa, na tangu wakati huo imeendelezwa na wachangiaji wengi chini ya leseni huru za LGPL na GPL. Hailipiwi chochote, na hufanya kazi kwenye Windows, macOS na Linux. Maktaba zake zimo ndani ya programu nyingine zinazojulikana, VLC ikiwa mojawapo, kwa hiyo wapo wengi ambao wamekuwa wakiitumia bila kulijua jina lake. Haina vitufe wala menyu. Kila jambo huandikwa kama amri, na amri fupi kuliko zote ni hii:

ffmpeg -i wimbo.flac wimbo.mp3

Amri hiyo inafanya kazi, na hapo ndipo penye hatari, kwa sababu imeacha maswali kadhaa bila majibu: enkoda ipi (sehemu ya programu inayobana sauti) itumike, kilobiti ngapi kwa kila sekunde, picha ya jalada ifanywe nini, na taarifa za wimbo ziandikwe kwa toleo gani. FFmpeg haiulizi. Hujijazia yenyewe kila pengo kwa thamani zake za msingi, kisha huendelea na kazi. Kwa MP3, thamani ya msingi ni kilobiti 128 kwa sekunde, kiwango ambacho mwenye mafaili ya FLAC, fomati isiyopoteza chochote cha sauti, asingekichagua kwa hiari yake. Karibu kila tatizo ninalolieleza katika tathmini hii limezaliwa na pengo la namna hiyo, na karibu kila mara uamuzi uliofanywa umeandikwa wazi katika ripoti ambayo mtumiaji hakuisoma.

Kwa hiyo jambo la kwanza la kujifunza ni kuisoma ripoti hiyo. Sehemu yake ya juu hueleza faili linaloingia, ya kati huonyesha mkondo upi, yaani sauti au picha iliyomo ndani ya faili, umepelekwa wapi na kwa kodeki gani, na ya chini hueleza faili linalotoka. Ndani yake utaona tofauti ambayo programu nyingi huificha, yaani tofauti kati ya kasha na kodeki. Kasha ni umbo la faili lenyewe, na kodeki ni namna sauti iliyomo ilivyobanwa. Faili la M4A linaweza kubeba AAC, ambayo hupoteza sehemu ya sauti ili kupunguza ukubwa, au ALAC, ambayo haipotezi chochote, na herufi zinazofuata nukta katika jina la faili hazikuambii ni ipi. Vivyo hivyo, mtu aliyebadilisha jina la faili kutoka .m4a kuwa .mp3 hajageuza kitu chochote, hata kama kichezaji kimoja au viwili vimekubali kulicheza. Programu ndogo iitwayo ffprobe, ambayo huja pamoja na FFmpeg, huchunguza faili bila kuligusa na kueleza kilichomo kweli. Ningemshauri yeyote aanze nayo kabla ya kutafuta suluhisho lolote, kwa kuwa malalamiko mengi kwamba faili limekataa kugeuka huisha mara inapojulikana kwamba faili hilo lilikuwa la aina nyingine tangu mwanzo.

Tatizo linalowasumbua watu wengi zaidi ni la picha ya jalada, na linahitaji maelezo marefu kidogo. FFmpeg iliundwa kwa ajili ya video na sauti kwa pamoja, hivyo picha iliyowekwa ndani ya faili la muziki huiona kuwa mkondo wa video wenye fremu moja tu. Usipoiambia la kufanya, huichukulia picha hiyo kama inavyochukulia video yoyote, na matokeo hutegemea kasha unaloelekea. Ukienda MP3, picha ya JPEG husimbwa upya kuwa PNG, na kwa kuwa picha za kupigwa kwa kamera hubanwa vibaya katika PNG, faili huongezeka ukubwa bila sababu ya maana. Ukienda Ogg kutoka FLAC yenye jalada, picha inaweza kugeuzwa kuwa video ya Theora, na kichezaji cha muziki kikabaki kimeduwaa mbele ya wimbo wenye video isiyosogea. Ukienda M4A, FFmpeg hujaribu kuisimba picha kuwa video ya H.264, na mara nyingi kazi nzima husimama kwa kosa linalosema kwamba kodeki hiyo haikubaliki katika kasha husika. Anayesoma kosa hilo hustaajabu, kwa sababu yeye alikuwa akigeuza wimbo, wala hakuwa na video yoyote mkononi.

Suluhisho ni maneno machache tu. Ukiandika -vn, unaiagiza programu iache kila kitu cha video, na jalada litaondoka. Ukitaka jalada libaki kama lilivyo, unaandika -c:v copy, na picha itanakiliwa bila kusimbwa upya. Kwa M4A yenye ALAC, amri inayofanya kazi vizuri ni hii:

ffmpeg -i wimbo.flac -map 0 -c:a alac -c:v copy -disposition:v:0 attached_pic wimbo.m4a

Sehemu ya disposition hulitambulisha kasha kwamba huo mkondo wa video ni picha iliyoambatishwa. Kwa kasha la Ogg, ambalo hubeba kodeki za Vorbis na Opus, ningeshauri kutumia -vn na kuiweka picha baadaye kwa programu ya kuhariri taarifa za nyimbo. Hapa lazima niseme kwamba FFmpeg inastahili lawama. Kuichukulia picha kama video kunaeleweka kwa aliyeiandika programu, lakini thamani ya msingi yenye busara kwa kasha la muziki ingekuwa kunakili picha, na mtumiaji mpya hana namna ya kulijua jambo hili kabla halijamkuta.

Taarifa za wimbo, yaani jina la msanii, albamu, mwaka na namba ya wimbo, huhamishwa vizuri katika safari nyingi, isipokuwa moja. Katika MP3, M4A na FLAC, FFmpeg huziona taarifa hizo kuwa za faili zima, ilhali katika Ogg huziona kuwa za mkondo wa sauti. Ukigeuza Opus au Vorbis kuwa MP3 kwa amri ya kawaida, programu hunakili taarifa za faili zima hadi kwenye faili zima, haikuti kitu pale, na wimbo hutoka ukiwa hauna jina. Ripoti huonyesha hilo waziwazi: katika sehemu ya juu taarifa zimeandikwa chini ya mkondo, na katika sehemu ya chini hazimo kabisa. Tiba yake ni kuongeza -map_metadata 0:s:0, yaani kuiagiza programu ichukue taarifa kutoka mkondo wa kwanza wa faili linaloingia. Kosa hili ni rahisi kulitibu kwa wimbo mmoja na chungu kwa maktaba nzima iliyokwisha kugeuzwa, kwa hiyo anayetoka kwenye Ogg akijaribu faili moja kwanza atajiepusha na kazi ya kurudia.

Lipo pia suala la toleo. FFmpeg huandika taarifa za MP3 kwa ID3v2.4, na vichezaji vya zamani, hasa redio za magari, vingi vinaelewa ID3v2.3 tu. Dalili yake ni kwamba kompyuta inaonyesha majina yote sawasawa huku kifaa kingine kikionyesha nafasi tupu au herufi zisizosomeka. Ongeza -id3v2_version 3 na tatizo litakwisha.

Tuje kwenye ubora wa sauti, ambako makosa hayaonekani kwa macho. Lililo kubwa kuliko yote si la FFmpeg pekee: kugeuza MP3 ya kilobiti 128 kuwa ya kilobiti 320, au kuwa FLAC, hakurudishi kilichopotea. Faili linakuwa kubwa, namba inapendeza, na sauti inabaki ileile au inaharibika kidogo zaidi, kwa sababu kila mara sauti inaposimbwa upya kwa kodeki inayopoteza, hupoteza tena. Nimewahi kupokea mafaili kutoka huduma moja ya kugeuzia muziki mtandaoni ambayo hutangaza kilobiti 320 kwa kila kitu, bila kujali kilichoingia. FFmpeg ina kichujio kinachochora picha ya masafa ya wimbo mzima:

ffmpeg -i wimbo.flac -lavfi showspectrumpic=s=1024x512 picha.png

Katika picha hiyo, wimbo uliowahi kupitia MP3 ya kilobiti 128 kwa kawaida huonyesha ukuta ulionyooka karibu na kHz 16 au 17, na juu yake hakuna kitu, wakati rekodi ya CD inaweza kufika karibu kHz 22. Si ushahidi kamili, kwa kuwa rekodi za zamani huenda hazikuwa na masafa ya juu tangu zilipofanywa, lakini ukuta ulionyooka kama uliochorwa kwa rula ni sababu tosha ya kutilia shaka faili linalojiita halikupoteza kitu.

Pengo lingine linahusu kina cha biti, yaani biti ngapi hutumika kuandika kila sampuli (kipimo kimoja cha sauti). Ukigeuza FLAC ya biti 24 kuwa WAV bila maelezo zaidi, FFmpeg hutoa WAV ya biti 16, kwa sababu hiyo ndiyo thamani yake ya msingi kwa kasha hilo. Biti nane za chini hutupwa, na hakuna onyo lolote isipokuwa ule mstari wa ripoti unaosema pcm_s16le. Anayetaka kubaki na biti 24 aandike -c:a pcm_s24le. Anayetaka kushuka hadi biti 16 kwa makusudi, kwa mfano ili kuchoma CD, anapaswa kujua kwamba programu haiongezi ile kelele hafifu ya nasibu ambayo mafundi wa sauti huitumia ili makosa ya kukata biti yasigeuke kuwa mkwaruzo unaofuatana na muziki. Kelele hiyo huombwa kwa kichujio: -af aresample=osf=s16:dither_method=triangular. Katika wimbo wenye sauti kubwa muda wote huenda usiisikie tofauti, ila katika mwisho wa wimbo unaofifia polepole inasikika kwa anayesikiliza kwa makini.

Kuhusu kiwango cha sampuli, wengi hushtuka wanapoona kwamba faili lao la Opus ni la sampuli 48000 kwa sekunde ilhali CD ilikuwa 44100. Hakuna kosa hapo. Ndivyo Opus inavyofanya kazi. MP3 nayo haipiti 48000, kwa hiyo FLAC ya 96000 itashushwa yenyewe hadi kiwango kinachokubalika kilicho karibu.

Kukatika kati ya nyimbo na urefu usio sahihi ni matatizo mawili yenye chanzo kinachokaribiana. MP3 hugawanya sauti katika fremu za sampuli 1152, na enkoda huongeza ukimya kidogo mwanzoni, kisha hujaza fremu ya mwisho ili itimie. Kiasi cha ukimya huo huandikwa katika kichwa cha faili, na kichezaji chema hukisoma na kukata kilichozidi. FFmpeg hukiandika kichwa hicho inapoandika faili la kawaida. Lakini ukiielekeza itoe sauti kupitia bomba kwenda programu nyingine, haiwezi kurudi mwanzoni kujaza urefu uliokamilika, na hapo ndipo huzaliwa MP3 zenye dakika za uongo, WAV zinazodai kuwa na ukubwa wa ajabu, na FLAC zisizo na jumla ya sampuli zake. Tiba ni kuandika faili moja kwa moja kwenye diski. Kwa MP3 iliyokwisha kuharibika namna hiyo, hakuna haja ya kusimba upya:

ffmpeg -i mbaya.mp3 -c copy nzuri.mp3

Amri hiyo hunakili sauti kama ilivyo na kuiandikia kichwa kipya. Faili tupu la .aac, ambalo halina mahali pa kuandika urefu wake, nalo hupona likihamishwa hivyohivyo kwenda M4A. Huu uwezo wa kubadilisha kasha bila kugusa sauti, unaokamilika kwa sekunde chache na kwa ubora uleule, peke yake ungetosha kunifanya niiweke programu hii kwenye kila kompyuta ninayoitumia. Kwa albamu ambazo nyimbo zake zimeungana, hata hivyo, ningeshauri Opus, Vorbis au FLAC badala ya MP3, kwa sababu fomati hizo huhifadhi urefu kamili ndani ya muundo wake na hazitegemei hisani ya kichezaji.

Lipo jambo la lazima kulijua: mradi wa FFmpeg hutoa msimbo asilia tu na kuwaachia wengine kazi ya kutengeneza programu iliyo tayari. Tovuti ya mradi huelekeza kwa watengenezaji hao, na matoleo yao hayana enkoda zilezile. Ukifuata maelekezo yanayotaja libfdk_aac ukajibiwa kwamba enkoda haijulikani, kosa si lako: leseni yake hairuhusu isambazwe pamoja na sehemu zenye GPL, hivyo matoleo mengi hayanayo. Tumia aac ya FFmpeg yenyewe, ambayo kwa kilobiti 192 au zaidi sina malalamiko nayo. Kwa Vorbis na Opus, hakikisha unataja libvorbis na libopus, kwa sababu enkoda za FFmpeg zenyewe za kodeki hizo bado zimewekewa alama ya majaribio. Amri ya ffmpeg -encoders huorodhesha kila kilichomo katika toleo ulilo nalo.

Kazi ya mafaili mengi kwa mkupuo ndiko kunakowakatisha tamaa wasiozoea mstari wa amri. FFmpeg haina namna ya kuambiwa igeuze folda nzima. Ni lazima uandike kitanzi, yaani amri inayojirudia kwa kila faili, katika lugha ya shell (programu inayopokea amri zako) unayoitumia, majina yenye nafasi yafungwe kwa alama za kunukuu, na kwenye Linux na macOS uongeze -nostdin iwapo kitanzi kinasoma orodha ya majina, la sivyo FFmpeg itazila herufi za majina yanayofuata kama vile ni amri zilizoandikwa kwenye kibodi. Ongeza -n ili isifute faili lililokwisha kuwapo. Anayeona haya ni mzigo asijilazimishe. fre:ac ni programu huru yenye madirisha inayogeuza folda nzima kwa urahisi, na foobar2000 kwenye Windows huhamisha taarifa na majalada kwa uangalifu ambao FFmpeg haina. Nami nikiwa na kazi ya kawaida ya FLAC kwenda MP3, isiyo na utata wowote, ningeweza kumshauri mtu mojawapo ya hizo kabla ya FFmpeg. FFmpeg ni ya pale kazi inapokwama na hakuna anayekuambia kwa nini.

Yapo mafaili ambayo haitayafungua, na haipaswi kulaumiwa. Nyimbo za zamani zenye kiendelezi cha .m4p, pamoja na baadhi ya WMA zilizonunuliwa, zimefungwa kwa ulinzi wa hakimiliki, na hakuna mpangilio wa amri utakaobadilisha hilo.

Kabla ya kufuta mafaili ya asili, hatua mbili zinafaa. Ya kwanza ni kusikiliza kosa bila kusikiliza muziki: ffmpeg -v error -i wimbo.flac -f null - hulisoma faili lote na kutoa tu makosa iliyoyakuta. Skrini ikibaki tupu, faili limesomeka hadi mwisho. Ya pili, kwa safari kati ya fomati zisizopoteza, ni kulinganisha sauti yenyewe kwa alama ya MD5, msimbo mfupi unaohesabiwa kutokana na sauti hiyo:

ffmpeg -i wimbo.flac -map 0:a -c:a pcm_s24le -f md5 -

Endesha amri hiyo kwa faili la zamani na kwa jipya, na alama zikilingana, hakuna sampuli hata moja iliyobadilika. Sehemu ya -map 0:a ni ya lazima, ama sivyo picha ya jalada nayo itaingizwa katika hesabu. Na pcm_s24le ni ya lazima zaidi kwa rekodi za biti 24, kwa sababu hata katika ukaguzi FFmpeg, isipoambiwa, hushusha sauti hadi biti 16 kabla ya kuhesabu, na WAV iliyopoteza biti zake nane ingeweza kupata alama ileile na FLAC iliyotoka.